Duka kubwa la samani: nani atamkopesha nani?

Tangu lami ilipoanza kuunganisha Nyakanazi, Kakonko, Kibondo na Kasulu, na tangu umeme wa gridi ya Taifa ulipotufikia mwaka 2022, kuna swali linalozunguka kwenye vijiwe vya kahawa na hata kwenye vikao vya harusi. Watu wanauliza ni lini na sisi wa Kigoma tutapata maduka makubwa yenye matawi kila mji, kama wanayoyaona wakienda Dar es Salaam. Na wanaposema duka kubwa, mara nyingi hawana maana ya duka la vyakula. Maharage, ndizi na mawese tunavyo wenyewe. Wanataka duka la samani: mtu aingie, akute vitanda, makabati na makochi yamepangwa, bei imebandikwa, alipe na kuondoka na mzigo wake siku hiyohiyo.

Wiki iliyopita nilikuwa Muyama, kule Buhigwe, ambako mpaka mwaka 2012 kulihesabiwa kuwa ni Wilaya ya Kasulu. Nilimkuta fundi mmoja, mzee wa makamo, akipiga randa ubao wa mninga chini ya kibanda cha mabati. Nilimpa shikamoo, nikamwuliza ana maoni gani kama duka la namna hiyo litafunguliwa Kasulu mjini. Nilitarajia alalamike. Hakulalamika. Alipuliza maranda mezani akasema, "Mwanangu, likija nami nitawapelekea vitanda. Ila niambie kwanza, watanilipa lini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nifungue vitabu vya historia. Kwa miaka mingi tumebishana juu ya maduka makubwa kwa kuangalia bei, uzuri wa bidhaa na nafasi za kazi. Ni nadra kuuliza nani anamkopesha nani. Mimi naamini kuwa faida au hasara ya duka kubwa kwa mji wetu itaamuliwa na jambo hilo kuliko jingine lolote.

Lakini kwanza niwatendee haki wanaolililia duka hilo, maana hata mimi nimewahi kuumwa na nyoka huyo. Miaka michache iliyopita niliagiza kabati kwa fundi mmoja ambaye sitamtaja. Alipokea kianzio, nusu ya bei, tena kwa tabasamu. Baada ya hapo nikawa mtu wa kuambiwa "kesho" kwa muda wa miezi minne. Kabati lilipokuja lilikuwa zuri, nakiri. Kiangazi kilipoingia milango ikapinda kama upinde, kwa sababu mbao zilikuwa mbichi. Mtu aliyepatwa na hayo huwezi kumlaumu akitamani duka lenye risiti. Mafundi wetu wanaonisikiliza wasinune. Wanajua nasema kweli.

Sasa tuingie kwenye historia.

Wazee wetu wa Uha hawakununua samani dukani. Kiti kilikuwa kigoda, yaani intebe, kilichochongwa katika gogo moja. Useremala wa randa, patasi na misumari ulikuja na misheni, na waliojifunza huko wakawafundisha wenzao. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, lakini reli hiyo haikutuletea duka kubwa huku milimani. Serikali ya Kiingereza iliiona Uha kama ghala la vibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi yao ya kuajiri watu, ile iliyojulikana kwa jina la SILABU, na maelfu ya Waha wakaenda umanamba Tanga na Morogoro. Kwa hiyo fedha ya Mha ilipatikana mbali na nyingi ilitumika hukohuko mbali. Aliyerudi alirudi na blanketi na nguo, na mwenye bahati alirudi na baiskeli.

Maduka machache yaliyokuwepo huku yalikuwa ya Wahindi na Waarabu. Hapo naomba tutulie kidogo. Mwenye duka dogo la pembezoni hakuwa na fedha za kujaza rafu zake. Alipewa mali kauli na mfanyabiashara wa jumla wa mjini, alipe baada ya kuuza. Naye huyo wa jumla alipewa mali kauli na makampuni makubwa ya Kizungu na ya Kihindi yaliyoagiza bidhaa kupitia bandari ya Dar es Salaam. Mkopo ulitoka juu ukashuka chini: mwenye nguvu alimkopesha asiye na nguvu, kisha akangoja miezi miwili au mitatu.

Mkopo huo haukumfikia Mwafrika. Sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilisema kwamba mtu aliyemkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali hakuweza kumdai mahakamani. Walioitunga walisema ni kwa ajili ya kumlinda Mwafrika asije akanaswa na madeni. Kwa vitendo ilimfungia mlango, maana mwenye jumla gani atatoa mzigo wake kwa mtu ambaye hawezi kumshtaki? Wako wanaosema mpaka leo kwamba Waha hawakuwa na akili ya biashara. Wangeisoma kwanza sheria hiyo.

Baada ya Uhuru serikali yetu ilitaka kuliondoa tatizo hilo kwa mara moja. Mwaka 1962 iliundwa COSATA, chombo cha kuanzisha maduka ya ushirika wa walaji. Hakikudumu hata muongo mmoja. Likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na makampuni makubwa ya kuagiza na kusambaza bidhaa yakataifishwa, likaundwa Shirika la Biashara la Taifa, yaani STC. Mwaka 1973 STC ikavunjwa, kila mkoa ukapewa kampuni yake ya biashara, zile ambazo kila mtu alizijua kwa jina la RTC. Kwa watu wengi wa Kasulu na Kibondo RTC ndiyo iliyokuwa duka kubwa la kwanza maishani mwao.

Wakati huohuo watu wetu walikuwa wanahamishwa. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwatoa kwenye makazi yao ya zamani yaliyotawanyika milimani ikawaweka katika vijiji kandokando ya barabara. Mwaka 1976 ikafuata Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, kila kijiji kiwe na duka lake. Agizo lilitekelezwa kwa pupa. Katika sehemu nyingi duka la mtu lilifungwa kabla la kijiji halijawa na hata kilo moja ya chumvi, na serikali ikalazimika kulegeza kamba.

Kasoro ya mfumo ule haikuwa bei. Bei ilikuwa nafuu, tena ilipangwa na Tume ya Bei iliyoundwa mwaka 1973. Kasoro ni kwamba mkopo haukushuka wala haukupanda. Kilichotembea ni kibali. Bidhaa ilipokuwepo iligawiwa. Ilipokosekana, na baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 ilikosekana kwelikweli, rafu zilibaki na vumbi. Wazee wanaukumbuka msimu wa kupanga foleni ya sabuni, na njia za usiku za kwenda Burundi kupitia Manyovu kutafuta magendo. Seremala katika hesabu hiyo hakuwepo kabisa. RTC haikumjua kama mtu wa kununua kazi yake. Alihitaji misumari na bawaba, navyo vilikuwa adimu kama sukari. Duka la umma lilijengwa juu ya ugawaji, halikujengwa juu ya mtengenezaji, na mtengenezaji alipokosa malighafi duka nalo likakosa bidhaa.

Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya biashara, watu wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na kuanzia mwaka 1986 mageuzi yakaenda mbio zaidi. RTC zikafifia moja baada ya nyingine. Ndipo yakachipuka magenge ya mafundi tunayoyaona leo. Mfano unaojulikana kuliko yote ni Keko, Dar es Salaam, lakini hata Kasulu, Kibondo na Manyovu tunayo yetu: kibanda, meza ya kurandia, makopo ya vanishi, na vitanda vya futi 5 kwa 6 vimesimamishwa kando ya barabara vinangoja mteja.

Magenge haya hayakujengwa na benki, wala na serikali. Yalijengwa na kianzio. Mteja anatoa nusu ya bei, fundi ananunua mbao, gundi na msasa, anamaliza kazi, mteja anamalizia fedha. Mteja ndiye anayemkopesha fundi. Mara nyingi ni mkulima aliyeuza kahawa au maharage yake. Anaposhindwa kutoa nusu kwa mkupuo analeta kidogo kidogo, na fundi anakwenda naye taratibu kwa kuwa ni jirani yake na wanasali pamoja. Ndiyo, mfumo huu una udanganyifu wake, kabati langu ni shahidi. Lakini umemwezesha kijana asiye na mtaji wowote, isipokuwa msumeno na randa, kuwa na kazi.

Duka kubwa la sasa linakopa kwa namna nyingine, na mfano tunao katika maduka makubwa yaliyotoka nje yakaingia nchini kwetu. Shoprite ya Afrika Kusini ilifungua maduka Dar es Salaam na Arusha, na mwaka 2014 ikayauza kwa Nakumatt ya Kenya. Nakumatt ina historia tamu kwa mada yetu ya leo, maana jina lake lilitokana na maneno mawili, Nakuru na magodoro kwa Kiingereza: ilianza kama duka la magodoro mjini Nakuru. Kutoka kwenye magodoro ilikua mpaka ikawa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na wengi tulidhani imefika pasipotikisika.

Ilikuaje haraka namna ile? Sehemu kubwa ya jibu ni mali kauli, lakini iliyogeuzwa juu chini. Duka kubwa huchukua bidhaa kwa watengenezaji na wasambazaji, huiuza leo kwa fedha taslimu, na huahidi kulipa baada ya siku 30, 60 au 90. Kwa muda huo wote fedha za watu zimo mkononi mwa duka, na duka likizitumia kufungua tawi jipya basi tawi hilo limejengwa kwa jasho la wasambazaji. Matawi yakizidi na mauzo yakipungua, siku 90 zinakuwa miezi sita, na wasambazaji wanaacha kuleta mzigo. Hivyo ndivyo rafu za Nakumatt zilivyoanza kuwa tupu mwaka 2017. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na mwaka 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe, ikiacha madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Kabla yake, mwaka 2015, Uchumi, nayo ya Kenya, ilikuwa imeshafunga maduka yake ya Tanzania na Uganda, wafanyakazi na waliokuwa wakiiuzia bidhaa wakabaki na madai yao mkononi.

Rafu tupu za RTC na rafu tupu za Nakumatt zilifanana kwa macho, ingawa moja ilikuwa ya ujamaa na nyingine ya ubepari. Aliyeumia mwishoni ni mtu yuleyule wa chini.

Hebu sasa turudi kwa mzee wangu wa Muyama tufanye hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, ana mtaji wa sh. 600,000 unaomtosha kununua mbao na vifaa vya vitanda vitatu. Anavipeleka kwenye duka kubwa, anaambiwa angoje siku 90. Mtaji wake umelala. Kwa mwaka mzima mtaji huo utazunguka mara nne, vitanda 12 basi. Akitaka kufanya zaidi lazima akope, na riba atailipa yeye, si duka. Kijijini kwake, kwa kianzio cha wateja, anaweza kumaliza vitanda viwili kila mwezi bila mtaji wowote, na kwa mwaka ni 24. Kwa hiyo hata kama duka litampa bei nzuri kidogo kuliko jirani yake, anaweza kuwa maskini zaidi huku akiwa na jina la kuuza dukani. Na ikiwa wateja wenye fedha taslimu wote wamehamia dukani, kijiweni kwake watabaki wale wa kidogo kidogo tu.

Lakini nisiwe mtu wa kuona upande mmoja. Upo mfano mwingine, nao unatoka katika kampuni kubwa kuliko zote duniani katika biashara ya samani, IKEA ya Sweden. Ilianzishwa mwaka 1943 na kijana wa miaka 17, Ingvar Kamprad, katika jimbo la Småland, nchi ya mawe na misitu, si tofauti sana na huku kwetu. Mwaka 1956 ikaanza kuuza samani zilizofunguliwa vipandevipande na kufungashwa bapa, mnunuzi akaunge mwenyewe nyumbani. Wafanyabiashara wa samani wa Sweden walichukizwa na bei zake ndogo, wakawashinikiza wenye viwanda wasimwuzie. Kamprad akavuka bahari, na mwaka 1961 akaanza kununua samani Poland. Aliagiza kwa wingi, mwaka baada ya mwaka, na Wasweden wakapeleka zana na ujuzi katika viwanda vya huko. Leo Poland ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza samani nje.

Angalieni aliyefaidi. Poland ilifaidi miaka mingi kabla haijawa na duka la kampuni hiyo, kwa sababu ilipewa kazi ya kutengeneza. Afrika nako IKEA imekwisha kufungua maduka, Misri mwaka 2013 na Moroko mwaka 2016, ila huku Afrika Mashariki haijafika. Siku ikifika, au ikifika kampuni nyingine yoyote, mji utakaofungua duka la kuuzia tu utapata wauza duka, walinzi na wabeba mizigo. Mji utakaopewa oda utapata mafundi.

Na mafundi hawatutishi kwa uchache. Nchi hiyohiyo ya Sweden ndiyo iliyotusaidia kuanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975, na useremala umekuwa ukifundishwa huko miaka yote hii. Mwaka 2016 Rais Magufuli alipoagiza kwamba mpaka tarehe 30 Juni pasiwe na mwanafunzi anayekaa chini, na Bunge likatoa shilingi bilioni 6 kwa ajili ya madawati, tuliona nchi nzima ikipiga randa. Sehemu kubwa ya kazi iliyotokana na fedha za Bunge ilikwenda JKT na Magereza, lakini karakana ndogo za wilayani nazo zilipata chao. Dawati lile halikutoka ng'ambo, na halikuhitaji duka. Lilihitaji oda kubwa yenye tarehe ya kulipwa.

Kuna wanaosema samani za nje zitashusha bei tu, basi. Nao waangalie ushuru. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoza asilimia 35 kwa samani zinazotoka nje ya jumuiya. Ongezeni nauli ya lori kutoka bandarini mpaka Kasulu. Kitanda cha unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi kitakuwa kimepanda bei njiani, na kitakutana na mvua zetu za kuanzia Oktoba mpaka Mei. Kikilowa kinavimba, wala hakuna fundi atakayeweza kukiunga tena. Mninga huo mbishi wa mzee wa Muyama utarithiwa na wajukuu.

Mimi, kwa hiyo, silipingi duka. Ninapinga kulipokea kwa ngoma na kanga bila kulisomea mkataba. Halmashauri zetu zina viwanja, zina vibali na zina sauti wakati wa kugawa eneo la biashara, hata kama baadaye hazitakuwa na sauti. Wakati huo ndio wa kuuliza ni sehemu gani ya bidhaa itanunuliwa kwa mafundi wa Kigoma, na fundi atalipwa baada ya siku ngapi. Akipewa oda, apewe na kianzio, kama mkulima wa kahawa anavyompa. Wenzetu wa Kenya, baada ya kuungua, mwaka 2019 walirekebisha sheria yao ya ushindani ili mnunuzi mkubwa anayechelewesha malipo bila sababu ahesabiwe kuwa anatumia vibaya nguvu zake. Nasi tunayo sheria yetu ya ushindani ya mwaka 2003 na tume ya kuisimamia. Wabunge wetu wa Kigoma wangeweza kuuliza bungeni kama kifungu cha namna hiyo hakitufai.

Mafundi nao wana kazi ya kufanya kabla mgeni hajabisha hodi. Fundi mmoja hawezi kukubaliana na duka lenye matawi kumi. Ishirini wakiwa na chama chao cha ushirika wataweza kukataa siku 90. Pia wanaweza kujenga banda moja la kukaushia mbao, la pamoja, ili milango ya makabati iache kupinda. Huo ndio ushindani ambao duka kubwa litauheshimu, na mimi binafsi ningekuwa wa kwanza kupeleka kianzio.

Nilipoagana na mzee wa Muyama alikuwa amemaliza ubao wa tatu na ameuegemeza ukutani pamoja na mingine. Kitanda kile ni cha harusi ya mwezi ujao, na baba wa bwana harusi ameshalipa nusu. Aliniambia mninga siku hizi unafuatwa mbali sana, na kwamba kibali cha kuvuna kinamgharimu kuliko msumeno. Habari ya misitu na vibali vyake ni ndefu, nitaizungumzia wiki ijayo.